Meli ya mbao ya seti: vile nilijenga yangu kwa bedsita Donholm, na pahali utakosea kama mimi

Kila mtu akiingia kwangu anaona ile meli juu ya kabati anashika mdomo, ati uliitoa wapi, ati ni pesa ngapi, nikisema nimejenga mwenyewe hawaamini na nikisema ilinichukua miezi kumi na moja wanaanza kunionea huruma. Alafu maswali. Nimechoka kujibu moja moja kwa simu kwa hivyo naandika yote hapa, kuanzia boksi mpaka kamba ya mwisho, ukisoma na bado unataka basi karibu.

Seti ya meli ni nini. Ni boksi ndefu, ndani kuna karatasi za plaiwudi zilizokatwa kwa leza, mafungu ya vijibao vyembamba kama vipande vya chapati umekata ya kupika na supu, vijiti vya mviringo vya milingoti, kamba za unene tofauti, vipakiti vya vidude vya shaba na michoro mikubwa ya kutandaza sakafuni. Hakuna kitu inabonyezwa ikashika yenyewe kama toi ya plastiki. Unajenga kweli, mkuku kwanza (uti wa mgongo wa meli), mataruma (mbavu zake), mbao, sitaha (sakafu ya juu), milingoti, kamba. Zinatengenezwa sana Uhispania, hao ni kina OcCre na Artesanía Latina, Italia kuna Amati na Mantua, Denmark kuna Billing Boats na Marekani kuna Model Shipways.

Mimi nilianza na tamaa. Nilitaka HMS Victory, ile meli ya vita ya Nelson, admirali wa Uingereza, iliyoshushwa majini 1765 na mpaka leo iko Portsmouth, mizinga 104 siku ile ya vita vya Trafalgar 1805. Nikaanza kusoma nikapata kwamba meli yenyewe ilikuwa inatumia kamba kama kilomita 42, nikaangalia vidole vyangu, nikaangalia meza yangu ambayo ndio hiyo hiyo ya kulia chakula, nikashuka chini kabisa mpaka meli ndogo ya kivita ya mlingoti mmoja. Nakwambia ukweli, hata hiyo ndogo ilinitoa jasho. Kama hujawahi kushika randa maishani anza na boti hata haina mizinga. Model Shipways wako na maboti matatu ya kujifunzia, ya kwanza ni Dory ya kuvulia samaki kwa kipimo cha 1:24, ya pili ni kiboti cha tanga cha Norway kwa 1:12, ya tatu ni mashua ya kuvulia kamba-mti (lobster) ya 1:24, zinaongezeka ugumu pole pole. Ukitaka meli yenye sitaha na mizinga lakini isikutese, Lady Nelson ya Amati, 1:64, mlingoti mmoja.

Hizo namba za kipimo zinachanganya watu lakini ni hesabu ya darasa la tano. 1:64 ni kwamba kila kitu kimegawanywa mara 64. Chukua mtu wa mita 1.7, kwa 1:50 anakuwa milimita 34, kwa 1:64 anakuwa kama milimita 26 na nusu, kwa 1:98 ni milimita 17 tu, anatoshea kwa kucha ya kidole gumba. Sasa fikiria kufunga kamba ambayo mtu wa hiyo saizi angeishika mkononi. Kipimo kidogo sio rahisi, watu hudanganyika hapo wanaona meli kubwa imetoshea kwa boksi ndogo wanafikiri wamepata ofa.

Ukiagiza nje, bei ya kwa mtandao sio bei. Kastom wanahesabu ushuru juu ya bei pamoja na usafiri pamoja na bima, alafu VAT 16% inakuja juu ya hiyo yote. Piga hesabu kabla hujalipa, sio ukishaitiwa mzigo ndio unaanza kupigia ndugu zako simu.

Michoro inakuja kwa Kiingereza ama Kiitaliano na majina ya sehemu za meli yanaweza kukuchosha kabla hujafungua gundi. Mimi niliokolewa na mzee mmoja jirani yetu, mtu wa Lamu, ameishi Nairobi miaka mingi lakini ukimtajia bahari anakaa wima. Nikamwonyesha mchoro, akaanza kuutaja kama mtu anaita watoto wake: huu mkuku, haya mataruma, hapa mbele omo, huku nyuma tezi, hii sitaha, hiki kijiti kinachotokeza mbele ni mlingoti wa maji, na hizi mbao za kulala zinazobeba tanga ni foromali. Nikachukua kalamu nikaandika juu ya mchoro. Tangu siku hiyo sikutafuta neno tena. Kwa hivyo nitatumia maneno ya mzee.

Alafu akaniambia kitu kingine ambacho ningekisikiza vizuri ningeokoa wiki sita. Akasema, "Mwanangu, mtepe, ile mashua ya kwetu ya zamani, walikuwa wanashona mbao kwanza kwa kamba, mataruma yanatiwa baadaye yanafuata mbao. Hii yako ni kinyume, mbao ndizo zinafuata taruma, sasa taruma likikosea mbao itasema nini?" Nikacheka nikasema ni kweli mzee, nikarudi kwa nyumba nikafanya haraka zangu.

Vifaa kwanza. Usinunue ile sanduku ya vifaa vya modeli wanauza pamoja na seti, nusu hutatumia. Nenda Dubois Road kwa maduka ya vitu vya urembo, pale kuna vibano vya nyusi vya kila aina, vile vyenye ncha ndio unataka, kuna zile tupa za kucha za karatasi ambazo ni msasa mzuri sana wa kuingia pahali padogo, na kuna pasi ya kunyoosha nywele ambayo nitakuelezea kazi yake. Luthuli wanauza vijino vidogo vya drili vya watu wa elektroniki, chukua milimita 0.8 na 1, na kidrili cha kuzungusha na vidole. Hadweya yoyote ina msasa, beba namba 120, 240 na 400, gundi nyeupe ya mbao, supaglu ya maji na ile nzito. Kisu cha kukata karatasi na wembe za ziada. Rula ya chuma. Vibanio vya nguo dazani tatu, vya mbao sio vya plastiki, juu unaweza kugeuza mdomo ukapata klampu ya nguvu. Na skwea ndogo, mimi nilichukua ile ya seti ya jometri ya mpwa wangu na sijairudisha.

Kitu cha mwisho ni kishikio cha mkuku. Nilienda Gikomba kwa fundi mmoja wa vitanda nikamwambia nikatie vibao viwili vinyooke kabisa, nitavifunga na skrubu nikiacha nafasi ya milimita tano katikati. Akaniuliza ni ya nini, nikamwambia ni ya kushika meli, akaangalia mafundi wenzake akasema, "Boss, meli gani inashikwa na hii?" Wakacheka weee. Lakini alinikatia sawa, na hicho ndicho kifaa nilitumia kuliko vyote.

Sasa boksi ikifika usianze kugandisha. Hesabu kila kitu kwa orodha. Andika namba kwa penseli kwa kila kipande kabla hujakitoa kwa karatasi ya plaiwudi, ukishavitoa vyote vinafanana. Michoro peleka saiba utolewe kopi, alafu pima kwa rula kama kopi ni saizi ile ile, mashine zingine zinapunguza kidogo na hutajua mpaka mlingoti uwe mfupi. Kopi ndio utakata na kuchafua, ile ya kwanza ifiche.

Mkuku ni ule ubao mrefu wa plaiwudi unaopita katikati, una mianya ambayo mataruma yataingia. Uweke juu ya kioo ama vigae uangalie kama umelala. Wangu ulikuwa umepinda kama milimita tatu. Huo unanyooshwa, unalowesha upande ulioingia ndani na kitambaa, unaulaza chini na vitabu vizito juu usiku mzima, kesho unaangalia, ikibidi unarudia. Usiseme ati utanyooka ukipigwa mbao. Hautanyooka, utapindisha na zingine.

Mataruma yaingize kwanza bila gundi. Yote. Yasisukumwe kwa nguvu, ikikataa piga msasa mwanya kidogo. Pale leza ilipita mbao imechomeka imekuwa nyeusi, hiyo masizi uiondoe kwa msasa pahali gundi itashika, juu gundi haishiki makaa vizuri. Alafu angalia mambo mawili: kila taruma limesimama pembe mraba na mkuku, hapo ndio skwea ya mpwa inafanya kazi, na vichwa vya mataruma vyote vimefuata mstari mmoja wa sitaha, weka kijibao kirefu juu uone kama kinaguswa na yote. Ukiridhika ndio utie gundi nyeupe, taruma moja moja, na vibiriti vilivyojaa ukivikaza kati ya taruma na taruma kama matofali ili yasilegee yakikauka. Usitumie supaglu hapa, inashika kabla hujanyoosha.

Sasa tunafika pale nilianguka.

Ukishagandisha, kingo za mataruma bado ni za mraba vile leza ilikata, lakini mwili wa meli unajikunja kuelekea omo na kuelekea tezi. Kwa hivyo ubao ukipita utagusa ncha tu ya taruma badala ya kulala juu ya ukingo wote. Inabidi uchonge kingo ziwe na mteremko. Kwa mataruma ya mbele unaondoa ukingo wa upande wa omo, kwa yale ya nyuma unaondoa ukingo wa upande wa tezi, yale ya katikati unagusa tu kidogo. Kazi hii haina raha yoyote, vumbi tupu, na inakaa kama imeisha wakati haijafika nusu. Mimi nilipiga msasa jioni mbili nikasema imetosha, nikaanza mbao. Mbao tatu za kwanza zikakaa poa. Ya nne nikaona kama kuna nundu, taruma namba nne upande wa kushoto lilikuwa juu ya wenzake kidogo tu, hata milimita moja haifiki. Nikasema nitaisawazisha na msasa mbao zikiisha. Mbao zikaisha, nikapiga msasa ile nundu, nikapiga, nikapiga, mpaka siku moja usiku stima imepotea niko na tochi ya simu naona mwanga unatokea ndani ya meli. Nilikuwa nimetoboa. Ubao ulikuwa wa milimita 1.5 na mimi nilitaka kuondoa makosa ya taruma kwa kula ubao.

Nikatoa mbao zote za upande ule. Hiyo gundi nyeupe inalegea ukipaka spiriti na brashi unangoja kidogo unaingiza kisu pole pole, kama ulitumia supaglu basi ni asitoni, ile ya kutoa rangi ya kucha. Wiki mbili za kubomoa. Yule mzee alipita akaona hakusema kitu, alitabasamu tu, na hiyo iliuma zaidi.

Kwa hivyo fanya hivi. Paka penseli nyeusi ukingo wote wa kila taruma. Chukua kijiti cha mbao kirefu cha bapa, gandisha msasa wa 120 juu yake, urefu wake uguse mataruma matatu ama manne kwa wakati mmoja, upige kwa mwelekeo ambao ubao utapita, usipige taruma moja moja. Utaona penseli inapotea pale imechongeka, acha mstari mwembamba tu wa penseli kwa ule ukingo ambao hufai kuugusa. Kila baada ya dakika chache chukua kijibao cha seti, kilaze juu ya mataruma kuanzia omo mpaka tezi, kibonyeze na vidole, angalia upande wa dirisha kama mwanga unapita kati ya ubao na taruma. Rudia pahali tatu, karibu na sitaha, katikati, na chini karibu na mkuku. Taruma likiwa limeingia ndani kuliko wengine usichonge wengine wote kulifuata, gandisha kipande chembamba cha ubao juu yake uongeze. Pale omo kabisa, kati ya taruma la kwanza na mkuku, jaza na kipande cha mbao laini ukichonge kifuate mkunjo. Seti nyingi zinakuja na balsa ya hiyo kazi, yangu haikuwa nayo nikachukua mabaki ya jakaranda kwa wachongaji, inachongeka kama sabuni iliyokauka. Mimi mara ya pili nilikaa kwa hii hatua siku tisa. Mbao zikalala zenyewe.

Sitaha ni starehe. Kuna plaiwudi nyembamba inalala juu ya mataruma, juu yake unapanga vijibao. Kwa boksi langu vilikuwa vimeandikwa Tanganyika, ndio jina wazungu wa hizi seti wanaita hiyo mbao ya rangi ya asali, nikacheka peke yangu, jina la majirani limezunguka Ulaya likanirudia Donholm. Meli ya kweli haikuwa na ubao mmoja kutoka mbele mpaka nyuma, kwa hivyo kata vipande, ubao wa mita 6 kwa 1:64 unakuwa kama milimita 94, na viungio visilingane safu kwa safu, vipishane kama matofali. Ile mistari myeusi ya kalafati, pale mianya ya mbao ilizibwa, unaipata kwa kupitisha penseli laini kwa ukingo mmoja wa kila kijibao kabla ya kugandisha. Usitumie kalamu ya wino, ukipaka vanishi inatapakaa, uliza tu mimi.

Mbao za pembeni sasa. Seti nyingi zinapigwa mara mbili, safu ya kwanza ni mbao nene nyepesi za kutoa umbo, ya pili ni nyembamba sana nzuri za kuonekana. Kosa la kwanza la kila mtu ni kufikiri vijibao vyote vinatumika vile vilivyo kwa upana. Haiwezekani, meli ni pana katikati na nyembamba mbele. Chukua ukanda wa karatasi, uuzungushe kwa ukingo wa taruma la katikati kutoka sitaha mpaka mkuku, uweke alama. Tuseme umepata milimita 90, na ubao ni 5, hiyo ni mbao 18. Nenda taruma la mbele ufanye vile vile, umepata 54, gawanya kwa 18, unapata 3. Ina maana kila ubao ukifika hapo unafaa kuwa umepunguzwa kutoka 5 mpaka 3. Weka alama kwa kila taruma, unganisha kwa penseli, kata na kisu kando ya rula ya chuma, malizia kwa msasa. Usipunguze ubao chini ya nusu ya upana wake, ukiona hesabu inakuambia 2 basi mbao zingine zisifike mbele, ziishie njiani na mbili ziwe moja. Kule tezi mara nyingi ni kinyume, pengo linapanuka, hapo unaongeza kipande chenye umbo la kabari kati ya mbao mbili. Hakuna aibu, hata meli za kweli ziko nazo.

Anza na ubao wa juu kabisa, ule unaofuata mstari wa sitaha, na ukiweka mmoja kulia weka wa kushoto saa hiyo hiyo. Ukijaza upande mmoja wote kwanza mkuku unavutwa unapinda kama ndizi. Kukunja ubao wa omo, uloweshe kwa maji kama nusu saa, alafu ndio ile pasi ya nywele, unaubana taratibu na kuuvuta ukiukunja kwa upande wake bapa, mvuke unatoka, ubao unatii. Usilazimishe ukunjike kwa upande wa ukingo, utavunjika ama utajipinda kama kamba. Uache ukauke ukiwa umebanwa na vibanio mahali pake bila gundi, kesho ndio ugandishe, juu ubao mbichi ukikauka unapungua na unaacha nyufa. Mbao nne kwa siku, mbili kila upande, ndio mwendo wangu. Ukitaka haraka kuna vitu vingine vya kufanya Nairobi.

Zikiisha piga msasa mwili mzima, 120 alafu 240, nyufa jaza na vumbi la mbao umechanganya na gundi. Safu ya kwanza ikiwa mbaya kwa macho sio shida, ikiwa na nundu kwa kidole ndio shida. Funga macho upitishe kiganja, mkono unaona kuliko jicho.

Safu ya pili ni ile ile lakini mbao ni kama nusu milimita tu, mara nyingi walnati, na hapa unatumia supaglu nzito ama gundi ya kontakti. Fungua dirisha, moshi wa supaglu unachoma macho, na vaa barakoa ukipiga msasa juu vumbi la walnati linawasha pua na kifua. Msasa wa mwisho ni 400 na mkono mwepesi sana, hakuna nyama ya kula hapo. Futa vumbi, paka sila ya mbao, ikikauka piga msasa kidogo, alafu vanishi isiyong'aa, mara mbili. Ile ya kung'aa inafanya meli ikae kama kiti cha ofisi.

Vidude vya sitaha, mizinga, nanga, madirisha ya tezi, hizo fuata mchoro tu, kila seti iko na zake. Ushauri mmoja, toboa matundu yote ya sitaha na ufunge pete zote za kamba kabla hujasimamisha mlingoti, baadaye mkono hautaingia.

Mlingoti unakuja kama kijiti cha unene mmoja, inabidi ukonde kuelekea juu. Ingiza upande mmoja kwa drili, washa pole pole, shika msasa na vidole ukiuzungushia, usikaze, sukuma mbele na nyuma. Pima kila mara, wangu ulikuwa 8 chini ukaisha 5 juu. Drili ikienda mbio kijiti kinapepesuka kinakatika, hicho nacho nilikilipa. Ukiusimamisha angalia mchoro kama unafaa kulala nyuma kidogo, wengi hulala, na utazame kutoka mbele kwa mbali kama umenyooka na mataruma ama umeegemea kama mlevi.

Kamba ziko za familia mbili. Zile za kushikilia mlingoti hazisogei, zilipakwa lami kwa hivyo ni nyeusi ama kahawia iliyokolea. Zile za kuvuta matanga zinasogea, ni za rangi ya katani. Usichanganye, ndio kitu ya kwanza mjuzi anaangalia. Kabla ya kufunga pitisha kila kamba kwa nta ya nyuki, nta sikununua, niliomba kwa mama anayetuuzia asali ya Kitui, nta inalaza vinyweleo na fundo linashika.

Kamba nzito za pembeni zinafungwa chini kwa vidude vya mviringo vyenye matundu matatu, mimi naviita vijicho. Kijicho kimoja kimeshikwa na meli, kingine kimefungwa kwa mwisho wa kamba, na uzi mwembamba unapita kwa matundu ukivivuta pamoja. Shida ni kufanya vijicho vya juu vyote vikae kwa urefu mmoja. Chukua waya, ukunje kama herufi U yenye miguu mifupi, mguu mmoja uingie kwa tundu la kijicho cha chini na mwingine cha juu, hapo umbali umefungwa, sasa zungushia kamba yako kijicho cha juu ufunge, toa waya, nenda kwa kingine. Mpangilio wa desturi ni kuanza na jozi ya mbele kabisa upande wa kulia, alafu jozi ya mbele ya kushoto, unabadilishana hivyo hivyo kwenda nyuma, na ukikaza upande mmoja kuliko mwingine mlingoti utakuambia.

Alafu ngazi. Hizo ni kamba nyembamba za kukatiza ambazo mabaharia walipanda nazo, na ndio pale watu wengi hukwama meli ikakaa mwaka kwa kabati. Umbali kati ya ngazi na ngazi ulikuwa kama sentimita 38, kwa 1:64 hiyo ni milimita 6. Chora mistari ya milimita 6 kwa karatasi nyeupe, ibandike nyuma ya kamba, fuata mistari. Kwa kamba za katikati fundo ni lile la kuzungusha mara mbili linalojikaza lenyewe, kama ulikulia shags na umewahi kufunga mbuzi kwa kigingi unalijua. Lisikazwe mpaka kamba nzito ziingie kiuno. Ukimaliza safu gusa kila fundo na gundi nyeupe umechanganya nusu kwa nusu na maji. Supaglu hapana, inafanya kamba ing'ae na inakatika kama spageti mbichi. Yangu ilikuwa mafundo mia tatu na kitu, nilifanya safu tatu kila jioni nikisikiza redio, na kwa kweli hiyo ndio sehemu nimemiss.

Matanga ni hiari. Watu wengi wanaacha meli bila matanga ili kamba zionekane, mimi niliweka moja tu, kitambaa cha pamba chepesi kabisa nilipata Eastleigh, nikakitia kwa strungi isiyo na sukari dakika kumi ili kipoteze ule weupe wa shati la shule. Mshono wa cherehani hata ukiwa mdogo aje unaonekana kama wa jitu kwa hiyo saizi, kwa hivyo mistari ya mshono nilichora kwa penseli.

Sanduku la kioo ni lazima. Vumbi la Nairobi likishaingia kwa kamba halitoki, na siku moja mtu atataka kukusaidia kupanguza. Lakini usiagize mapema. Mimi nilipima mwili wa meli nikiwa nimemaliza vanishi, nikaongeza sentimita tano kila upande, nikampa fundi wa vioo pesa, akafanya kazi safi sana. Nikasahau mlingoti wa maji, ule unaotokeza mbele, kwa meli ya aina hii unatokeza karibu nusu ya urefu wa meli yenyewe. Nikarudi kwa yule fundi kuagiza lingine, akaniuliza la kwanza lilipasuka ama. Sasa la kwanza liko jikoni, nimeweka mkate.